Watoto na Sanaa ya Kuhuisha Picha

Neno huisha ni la zamani katika Kiswahili. Wazee wetu walilitumia zaidi walipomtaja Mwenyezi Mungu, ahuishaye na kufisha, kuliko walipotaja kazi ya mikono ya binadamu. Wataalamu wa lugha walipotafuta jina la ile sanaa ya kuzifanya picha zitembee na kusema, waliunda neno uhuishaji juu ya shina hilo, wala hawakukosea, kwani hata jina la sanaa hii katika lugha za Ulaya latokana na neno la Kilatini anima, yaani pumzi au roho. Watu wa mitaani wao husema katuni, na neno hilo limetosha kwa mahitaji yao.

Lakini liko neno jingine la Kiswahili ambalo, kwa maoni yangu, laeleza siri ya sanaa hii kuliko hayo yote mawili, nalo ni mwenendo. Twasema fulani ana mwenendo mwema, au mwenendo wake haupendezi, nasi twakusudia tabia yake. Na huku neno lenyewe limetokana na kwenda. Mwenye kuhuisha picha aghalabu hana njia ya kuonyesha tabia iliyo na nguvu kuliko hiyo. Mhusika wake ni kipande cha karatasi, na watazamaji hawatajua kama ni mwoga, mchoyo au mwungwana mpaka wamwone anavyokwenda. Katika makala haya nataka kueleza jinsi watoto walivyopewa nafasi ya kusimulia hadithi zao wenyewe kwa sanaa hii, na kwa nini nafasi hiyo ilichelewa sana.

Filamu ambayo wengi huihesabu kuwa ya kwanza ya namna hii ni Fantasmagorie, iliyoonyeshwa Paris mwaka 1908. Mtungaji wake, Émile Cohl, alichora yapata picha 700, na watu aliowachora walikuwa mistari mitupu, myeupe juu ya weusi, kama watu wachorwao na mtoto kwa chaki ubaoni. Mtu angedhani kwamba sanaa iliyoanza kwa sura hiyo ingewafikia watoto mara moja, nao wakaishika kuwa yao. Haikuwa hivyo. Mwaka 1914 Winsor McCay wa Marekani alionyesha filamu ya Gertie, mnyama mkubwa wa kale aliyeinama, akacheza, akanywa ziwa zima, na akalia machozi alipokemewa. Watazamaji walimpenda Gertie kwa sababu ya tabia yake: alikuwa mkaidi na mwenye haya kwa wakati mmoja, kama mtoto aliyedekezwa. McCay alichora maelfu ya karatasi ili kumpata.

Mwaka huo huo wa 1914, huko huko Marekani, Earl Hurd aliomba hati ya kumiliki njia ya kuchora wahusika juu ya karatasi angavu za selulodi, ili mandhari iliyo nyuma isichorwe upya kila mara. Njia hiyo ilipunguza kazi, lakini pia iliigeuza sanaa kuwa kiwanda. Mmoja huchora mkao wa mwanzo na wa mwisho, mwingine huchora iliyo katikati, mwingine hupitisha wino, mwingine hutia rangi. Na katika viwanda vya Hollywood kazi ya wino na rangi waliachiwa zaidi wanawake, kwa ujira mdogo kuliko wa wachoraji wanaume. Siwezi kukana kwamba viwanda hivyo vilifundisha dunia mengi juu ya tabia. Katika filamu ya Walt Disney ya mwaka 1933 juu ya nguruwe watatu, nguruwe hao wafanana sura, hata hivyo mtazamaji hawachanganyi, kwa kuwa yule mwenye akili hatembei kama ndugu zake wapenda ngoma. Lakini Snow White ya mwaka 1937 ilihitaji mamia ya wafanyakazi, na gharama yake ilikaribia dola milioni moja na nusu. Mtoto aliingia humo kwa mlango mmoja tu, mlango wa kukata tikiti.

Njia iliyokuja kuwafaa watoto ilikuwa imekwisha kupatikana Ujerumani, ingawa aliyeipata hakuwa amekusudia watoto waifuate. Lotte Reiniger, aliyezaliwa Berlin mwaka 1899, tangu utotoni alikuwa hodari wa kukata sanamu za karatasi nyeusi, na nyumbani kwao aliwachezea jamaa zake michezo ya vivuli. Alipokuwa mtu mzima hakuuacha mkasi. Kati ya mwaka 1923 na 1926, yeye na mumewe Carl Koch pamoja na wasaidizi wachache walitengeneza filamu ndefu ya Mwanamfalme Achmed, ambayo visa vyake vyatoka katika Alfu Lela Ulela, kitabu ambacho watu wa pwani yetu hawahitaji kuelezwa. Sanamu zake zilikatwa kwa karatasi ngumu na risasi nyembamba, viungo vikafungwa kwa waya, kisha zikalazwa juu ya kioo chenye taa chini yake na kamera juu yake. Sanamu husogezwa kidogo, picha moja hupigwa. Husogezwa tena, hupigwa tena. Hazina macho wala midomo, kwa kuwa ni vivuli, na kwa hiyo haya, hasira na mahaba yote hutoka katika shingo, kiwiko na kiuno. (Mchawi mwovu wa filamu hiyo ameitwa Mwafrika. Msomaji wa huku hawezi kulipita jambo hilo kama asiyeliona, na lafaa likumbukwe tutakapofika kwenye suala la nani asimulie habari za nani.)

Karatasi, mkasi, waya na kamera moja: hivyo si vitu vya kiwanda. Baadaye Norman McLaren, Mskoti aliyefanya kazi katika Bodi ya Taifa ya Filamu ya Kanada, alipunguza hata hivyo, akachora juu ya utepe wa filamu wenyewe kwa kalamu na wino bila kutumia kamera. Mwaka 1949 UNESCO ilimpeleka China akawafundishe wachoraji wa huko kutengeneza picha za kufundishia afya vijijini. Wanafunzi wake walikuwa watu wazima, lakini wazo lilikuwa limekwisha tangulia: kwamba sanaa hii yaweza kufundishwa mahali pasipo na viwanda wala fedha nyingi.

Miongoni mwa karakana za kwanza zilizowapa watoto wenyewe kazi yote ni ile ya Lexington, katika jimbo la Massachusetts, iliyoanzishwa mwaka 1963 na Yvonne Andersen na mumewe Dominic Falcone, nayo ikaitwa Yellow Ball Workshop, Karakana ya Mpira wa Manjano. Andersen alikuwa msanii na Falcone mshairi, na kabla ya hapo walikuwa wameendesha ukumbi mdogo wa sanaa katika mji wa Provincetown. Waliokuja kwao walikuwa watoto na vijana, wengine wa miaka mitano tu. Walifanya filamu za karatasi zilizokatwa, za udongo wa kufinyanga, za vikaragosi, za michoro juu ya utepe, na hata za watu wazima wa nyama na damu waliopigwa picha moja moja mpaka wakaonekana wakiteleza barabarani bila kuinua miguu. Mwaka 1970 Andersen aliandika kitabu cha kuwaelekeza walimu, Teaching Film Animation to Children, na kwa njia hiyo mambo ya Lexington yakajulikana mbali.

Yafaa tukae hapa kidogo, kwa maana ndipo mambo yanapoonekana wazi. Filamu hupita mbele ya macho picha 24 kwa kila nukta moja ya saa. Kwa kawaida kila mkao hupigwa mara mbili, kwa hiyo nukta moja yataka mikao 12, na dakika moja yataka mikao 720. Mtu mzima akisikia hesabu hiyo hudhani kwamba mtoto atachoka kabla ya kufika mia. Ilivyo ni kwamba mtoto aliyechagua mwenyewe hadithi yake huvumilia, na aliyepewa hadithi ya mwalimu huchoka mapema. Sababu si ngumu kuiona. Kila mara asogezapo mkono wa karatasi, yampasa aamue usogee wapi na kwa kiasi gani, na hawezi kuamua bila kujua mwenye mkono ule ataka nini. Akisogeza kidogo kidogo, mhusika huonekana mzito, au mzee, au mwenye mashaka. Akisogeza kwa hatua pana, mhusika huwa mwepesi au mwenye hasira. Akimwacha bila kumsogeza kwa picha kumi na mbili, mhusika huwa anafikiri. Hakuna somo la insha nilijualo linalomlazimisha mtoto wa miaka minane ajiulize mara mia saba kwa dakika moja juu ya nia ya mtu mwingine.

Ni kweli kwamba watoto wengi huanza kwa kuiga. Huleta mashujaa waliowaona katika televisheni, na hadithi yao ya kwanza ni mapigano tu, mmoja akianguka na mwingine akisimama. Hapo ndipo msaada wa mtu mzima hupimwa. Yuko mwalimu atakayekataza mapigano, na yuko atakayeyaacha yaendelee mpaka karatasi ziishe. Wote wawili hawakusaidia. Mwalimu mwenye hekima huuliza maswali: huyu aliyeanguka ni nani, alikuwa akienda wapi kabla ya kupigwa, atainuka vipi? Mtoto akijibu kwamba atainuka polepole kwa kuwa aona haya, basi hadithi imekwisha zaliwa, na mwalimu hana haja ya kuongeza neno. Kosa lililo kubwa kuliko yote ni mwalimu kushika kalamu na kuurekebisha mchoro. Mguu mmoja mrefu kuliko mwenzake, au kichwa kipana kuliko nyumba, ukinyoshwa na mkono wa mtu mzima, mtoto huona mara moja kwamba kazi si yake tena. Huendelea kwa adabu, lakini haendelei kwa moyo.

Kutoka hapo habari ilienea upesi, nami nitaipita upesi vile vile. Chama cha kimataifa cha wahuishaji picha, ASIFA, kiliundwa mwaka 1960 huko Annecy, Ufaransa, na McLaren akawa rais wake wa kwanza. Baadaye chama hicho kikapata kikundi chake cha kuunganisha karakana za watoto za nchi mbalimbali. Annecy kwenyewe Nicole Salomon alianzisha karakana mwanzoni mwa miaka ya 1970. Katika mji wa Liège, Ubelgiji, mwaka 1979 ikazaliwa karakana iliyojipa jina Caméra Enfants Admis, yaani Kamera, Watoto Waruhusiwa. Jina hilo ni la utani wenye maana. Maneno “watoto waruhusiwa” yalikuwa yakibandikwa kwenye milango ya majumba ya senema kuonyesha kwamba filamu ya siku hiyo yafaa kwa watoto. Waanzilishi waliyahamisha kutoka kwenye kiti cha mtazamaji wakayaweka kwenye kamera.

Katika bara letu mwanzo ulikuwa wa watu wazima. Moustapha Alassane wa Niger, aliyezaliwa mwaka 1942 na kufariki mwaka 2015, alijifunza kwa McLaren kule Kanada, na katika miaka ya 1960 akatoa filamu ambazo wahusika wake mashuhuri ni vyura. Katika Bon voyage, Sim ya mwaka 1966, chura aliye rais afunga safari ya ziara kwa jirani, na arudipo akuta kiti chake kimekwisha chukuliwa. Mwenye kuwajua marais wa miaka ile haoni haja ya maelezo zaidi. Chura huyo ana tumbo lake mbele na hatua zake za taratibu, na mwenendo wake peke yake wamsema.

Chura alirudi tena katika kazi ya Jean-Michel Kibushi Ndjate Wooto, aliyezaliwa mwaka 1957 huko Lubefu, katika Kasai ya Kongo. Kibushi alisomea mambo ya michezo ya kuigiza Kinshasa, kisha akajifunza uhuishaji kwa wasanii wa Ubelgiji, na mwaka 1988 akaanzisha studio aliyoiita Malembe Maa. Malembe katika Kilingala ni polepole, na hakuna jina liwezalo kuifaa zaidi kazi ya namna hii. Mwaka 1991 alitoa filamu ya karatasi zilizokatwa, Le Crapaud chez ses beaux-parents, ambayo ni ngano ya Watetela juu ya chura aendaye kwa wakwe. Tangu hapo Kibushi amekuwa akisafiri na senema yake na kuendesha karakana.

Mwaka huo wa 1991, tarehe 23 Septemba, askari wa Zaire, kama nchi ilivyoitwa wakati huo, waliasi karibu na uwanja wa ndege wa Ndjili kwa sababu ya mishahara. Waliingia mjini wakapora maduka, maghala na nyumba, na raia wengi waliokuwa na njaa wakajiunga nao. Ufaransa na Ubelgiji zilipeleka majeshi kuwaondoa wageni. Wenyeji walibaki, na watoto wao wakabaki na yale waliyoyaona. Kibushi alichukua michoro ya watoto wa Kinshasa waliyoichora juu ya siku zile, akaihuisha, na mwaka 1992 ikatoka filamu fupi ya dakika chache iitwayo Kinshasa, septembre noir.

Kwa kuitazama filamu hiyo kama hati ya historia, thamani yake ni kubwa. Habari za maasi yale ziliandikwa na mabalozi, na waandishi wa magazeti, na wakubwa wa serikali waliotaka kujitetea. Mtoto wa mtaani hana balozi wala gazeti. Katika michoro yake, hata hivyo, yamo mambo ambayo taarifa za wakubwa haziwezi kuyashika, kwa kuwa mchoro wa mtoto haufuati vipimo vya macho. Hukipa ukubwa kile kilichomshughulisha moyoni na kukiacha kingine. Mtu anayejua kusoma michoro ya watoto husoma humo kile walichokijali, na hilo ni jambo ambalo mwanahistoria hulitafuta kwa shida sana katika nyaraka za kawaida.

Swali hata hivyo labaki, wala si la kupuuzwa: filamu hiyo ni ya nani? Watoto walichora, aliyechagua, akakata, akasogeza na kupanga ni Kibushi, mtu mzima na msanii wa kazi yake. Ukiipima kwa kanuni ya Lexington, kwamba mtoto afanye yote kwa mkono wake, itashindwa. Nami naona kwamba kuipima hivyo si haki. Karakana ya Massachusetts ilikuwa na wakati, umeme, na watoto waliorudi juma baada ya juma. Kinshasa ya mwaka 1991 haikuwa na hayo. Tena, kuna hadithi ambazo si vema kumtaka mtoto azisogeze picha kwa picha mara mia saba, kwa maana kila mkao ni kuirudia hofu ile ile. Kuchora mara moja kwaweza kumpunguzia mzigo, na mtu mzima akaubeba uliobaki. Ninaloliona kuwa la lazima ni moja: kwamba mkono wa mtu mzima usiubadilishe mstari wa mtoto. Askari aliyechorwa na mtoto abaki alivyochorwa, na atembee kama mtoto alivyomwona akitembea.

Afrika ya Mashariki nayo haijakosa uhuishaji. Tinga Tinga Tales, mfululizo ulioanza kuonyeshwa mwaka 2010, ulitengenezwa Nairobi kwa sura za picha za Tingatinga zilizozaliwa Dar es Salaam, na Ubongo Kids, unaotengenezwa Dar es Salaam, ulianza mwaka 2014 na kuwafundisha watoto hesabu kwa Kiswahili. Kazi hizo ni njema, na Kiswahili cha wahusika wake husikika sasa katika michezo ya watoto vibarazani. Lakini wanaosimulia humo ni watu wazima, na mtoto ni msikilizaji. Katika ngano zetu za jioni mtoto hakuwa msikilizaji mtupu: bibi akisema Paukwa, ilimpasa aitikie Pakawa, la sivyo hadithi haianzi, na mjukuu aliyekwisha isikia mara tatu aliruhusiwa kumkosoa bibi na hata kuisimulia mwenyewe kwa wadogo zake. Ndiyo maana yanishangaza kidogo kwamba karakana za watoto hazijawa nyingi huku kwetu, ambako wasimulizi wadogo hawakuwa kitu kigeni.

Gharama ya vyombo haiwezi tena kuwa udhuru kama ilivyokuwa mwaka 1963, ambapo utepe wa filamu ulinunuliwa kwa fedha nyingi na kupelekwa kusafishwa kabla mtoto hajaona alichofanya. Simu ya mkononi iliyolazwa kati ya marundo mawili ya vitabu, jicho lake likitazama meza, yafanya kazi ya kamera ya Lexington, na picha huonekana papo hapo. Karatasi ngumu yapatikana katika maboksi ya dukani, na waya mwembamba wapatikana kwa fundi yeyote. Kilicho adimu ni wakati wa mtu mzima wa kuketi karibu na kunyamaza. Dakika moja bado yataka mikao 720. Darasa la watoto 12 likigawana, kila mtoto atapata 60, na kwa mikao 60 mtoto aweza kumwinua mtu wa karatasi kutoka chini, akampangusa vumbi, akamtazamisha nyuma kuona kama kuna aliyemwona akianguka, na kumpeleka zake nyumbani.